Kiswahili machoni pa mgeni: Taswira ya kwanza ilivyogeuka kanuni

WAHENGA hawakuafikiana kuhusu jambo hili. Mmoja alisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Mwingine akajibu kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wa kwanza anatuhimiza tuamini kile tunachokiona mwanzo. Wa pili anatuonya tusidanganyike. Mimi naona kila mmoja wao alisema kweli, ila wote wawili waliacha jambo la tatu. Taswira ya kwanza ikishaandikwa kitabuni, ikafundishwa darasani na kurudiwa ofisini, watu huacha kuuliza kama ni ya kweli au la. Inakuwa kanuni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Kiswahili, na sisi wasemaji wake bado tunailipia gharama.

Wanafunzi wangu huniuliza swali moja mwaka nenda mwaka rudi: "Mwalimu, si Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa na Kibantu?" Anayeuliza huwa hajapima msamiati wala hajachunguza ngeli. Amerithi jibu, kisha akaligeuza kuwa swali. Leo nataka tufuatilie urithi huo ulikotoka.

Kwanza, taswira ya kwanza huundwaje? Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Marekani. Kundi moja la watu lilisomewa sifa sita za mtu lisilomjua: mwerevu, mchapakazi, mwenye pupa, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu. Kundi la pili lilisomewa sifa zizo hizo, ila kuanzia mwisho: mwenye wivu akatangulia, mwerevu akaja nyuma. Kundi la kwanza kwa jumla lilimwona mtu huyo kuwa hodari mwenye kasoro za kuvumilika. La pili likamwona kuwa mtu mwenye matatizo yanayomzuia kuutumia uwezo wake. Sifa hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni ipi iliyotangulia, na iliyotangulia ndiyo iliyozipa maana zilizofuata.

Basi tuligeuze swali hilo kuelekea pwani yetu. Ni nini kilichotangulia kuonekana na mgeni aliyeshuka huku? Jibu, kwa maoni yangu, linategemea mlango aliopitia.

Mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, Moroko. Yeye alikuwa mwanasheria wa Kiislamu, na jambo hilo lilitangulia mbele yake kila alikokwenda. Alipofika Mogadishu, wageni wa kawaida walipokewa na wafanyabiashara waliowafanya wageni wao. Yeye, kwa kuwa ni mwanazuoni, alipokewa na kadhi na wanafunzi wake, akapelekwa kwa mtawala. Mwenyewe anasimulia kwamba mtawala huyo alikuwa na lugha ya kwao, ila Kiarabu alikijua. Wakaelewana kwa Kiarabu, na ile lugha ya kwao ikapita pembeni. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Anatuambia kuhusu ndizi, samaki, uchaji Mungu wa watu na misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Akaendelea hadi Kilwa, akausifu uzuri wa mji ule na ukarimu wa sultani wake.

Sisemi Ibn Battuta alidanganya. La hasha! Misikiti ilikuwapo na makadhi walikuwapo. Nasema tu kwamba mwanasheria aliyepokewa na wanasheria aliona mji wa wanasheria. Mkulima aliyepanda hiyo ndizi, na maneno aliyoyatumia shambani, hayakuwa njiani mwake. Na masimulizi yake yaliandikwa zaidi ya miaka 20 baadaye, mbali sana na pwani hii.

Hata jina lenyewe la lugha yetu ni taswira ya kwanza. Neno sawahil ni la Kiarabu, wingi wa sahil, yaani pwani. Ni jina linalotolewa na mtu aliye chomboni, anayeitazama nchi kavu kwa mbali. Wenyeji, kwa upande wao, walijitambulisha kwa miji: huyu wa Mvita, yule wa Amu, mwingine wa Pate. Ndiyo maana hadi leo lahaja zetu zinaitwa Kimvita, Kiamu, Kipate, Kiunguja. Mwenyeji anataja mji wake, mgeni anataja ufuo mzima.

Sasa tazama maneno yanayomlaki mtu bandarini na sokoni: salamu, habari, karibu, samahani, bei, ghali, rahisi. Yote hayo yana asili ya Kiarabu. Ukiingia kwa kadhi utakutana na sheria, haki, shahidi na hukumu, nayo yakiwa hivyo hivyo. Mgeni anayejua Kiarabu atajisemea, "Aa, lugha hii naijua!" Lakini apite sebule, aingie ndani. Kule atakuta mama, mtoto, jicho, mkono, moyo, moto, maji, mvua, jua. Atakuta kuzaa, kufa, kula, kulala, kulima. Hayo ni maneno ya Kibantu, na jamaa zake wako katika lugha za bara ambazo hazikuwahi kuguswa na upepo wa bahari.

Hesabu nazo zina kisa chake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Zilizoondoka hazikupotea kabisa. Kenda bado inasikika mahali pa tisa. Na neno fungate, zile siku za maharusi kukaa ndani, limehifadhi hesabu ya zamani ya saba. Tazama pia wiki yetu: siku ya Jumatano ina tano ya Kibantu, na kesho yake ni Alhamisi, ambayo maana yake ni ya tano kwa Kiarabu. Siku mbili zinafuatana na zote mbili zinadai kuwa ya tano, wala hakuna aliyegombana.

Kuna ushahidi ambao mimi huuona mzito kuliko yote. Neno kitabu lilikuja na Waarabu. Kwao wingi wake ni kutub. Lilipofika kwetu halikuulizwa lingependa kuwekwa wapi. Lilianza na sauti ki, basi likaingizwa katika ngeli ya ki-vi pamoja na kiti na kisu: kitabu kizuri kimepotea, vitabu vizuri vimepotea. Neno lilikuwa geni, ila sarufi iliyolipokea ilikuwa na sheria zake tayari. Lugha iliyo Kiarabu nusu isingeweza kufanya hivyo.

Mgeni wa pili ninayetaka kumtaja aliingia kwa mlango mwingine. Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa Sayyid Said wa Unguja. Mwezi Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Hata hivyo hakuondoka. Mwaka 1846 akaungana na mwenzake Johannes Rebmann, wakaweka makao Rabai, juu ya vilima, kati ya Wamijikenda.

Rabai ndiko kulikompa Krapf jicho la pili. Mtu anayeishi Mombasa pekee atakilinganisha Kiswahili na Kiarabu cha watawala. Mtu anayepanda na kushuka kati ya Rabai na Mombasa lazima asikie kwamba lugha ya kilimani na ya kisiwani ni ndugu. Mwaka 1850 Krapf alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili, na mwaka huo huo akatoa orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwekwa sambamba na lugha kama Kinyika, Kikamba na Kipokomo. Kamusi yake kubwa, yenye Kimvita kingi, ilichapishwa mwaka 1882 yeye akiwa ameshafariki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Krapf alilishika jembe, na kazi yake inaonyesha hivyo.

Mlango wa tatu ulikuwa Unguja. Edward Steere alifika huko mwaka 1864 na ujumbe wa wamishenari wa Kiingereza. Unguja ya wakati huo ilikuwa makao ya sultani na kitovu cha biashara ya karafuu, pembe na watumwa. Mwaka 1870 Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia lugha, na katika jina la kitabu akaweka tahadhari: ni Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Nampongeza kwa hilo. Alijua alikosimama. Waliomfuata ndio waliodondosha ile tahadhari na kubaki na Kiswahili peke yake.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1928. Maofisa na wamishenari walikutana Mombasa kuamua ni lahaja ipi itakayokuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kimvita kilikuwa na watetezi, hasa wamishenari waliofanya kazi Mombasa. Mmoja wa watangulizi wao, William Taylor, alikuwa amekusanya tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki mnamo 1840. Lakini Kiunguja kilishinda, tena katika mji wa Kimvita wenyewe. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya kusimamia usanifishaji.

Tuwe waadilifu. Kiunguja hakikuchaguliwa kwa bahati tu. Kilikuwa kimesafiri na misafara hadi Tabora, Ujiji na mashariki mwa Kongo, na Tanganyika nzima ilikuwa imekizoea. Hata hivyo, sehemu ya nguvu zake ilikuwa vitabu vilivyokwisha kuchapwa, na vitabu hivyo vilikuwapo kwa sababu ya mahali ambapo chombo cha Steere kilitia nanga. Kuanzia hapo mtoto wa Mvita anayesema mato badala ya macho, ndia badala ya njia na kuteka badala ya kucheka, akafika shuleni akiwa tayari na makosa. Muyaka mwenyewe, bingwa wa mashairi, angefufuka leo akafanye mtihani wa insha, sijui angepata alama gani.

Mlango wa nne ndio uliotuathiri zaidi sisi wa bara, nao ni mlango wa jikoni na shambani. Baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, walowezi walikuja kuchukua ardhi ya nyanda za juu. Walihitaji lugha ya kuwaambia wafanyakazi lete, peleka, ngoja, haraka. Hawakuhitaji ngeli, wala hawakuhitaji kusikia jibu refu. Ndipo kikazaliwa Kisetla: wewe kuja hapa, mtoto yangu, kitu moja. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha Kiswahili cha bara, na jina la kitabu lenyewe linawataja waliolengwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mwafrika hamo katika orodha. Yeye ni wa kusikia tu.

Fikiria basi kijana aliyetoka Murang'a au Kakamega miaka hiyo, ambaye hakuwahi kuiona pwani. Sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili ilikuwa amri. Hakujua kwamba katika lugha hiyo hiyo, huko Pate, Utendi wa Tambuka ulikuwa umetungwa tangu mwaka 1728. Kwake Kiswahili kikawa lugha ya kuamrishwa, Kiingereza kikawa lugha ya anayeamrisha. Je, tuna haja ya kushangaa kwamba baada ya uhuru alimtakia mwanawe Kiingereza? Kiswahili kilikubaliwa Bungeni mwaka 1974 kwa tamko la Rais Kenyatta. Kikawa somo la lazima lenye mtihani mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Lugha rasmi kikatiba kilikuja kuwa mwaka 2010. Tazama miaka iliyopita kati ya hatua moja na nyingine! Siasa zilikuwapo, fedha zilikuwapo, lakini nadhani pia ilikuwapo ile sauti ya kwanza ya shambani, ambayo haikutoka masikioni.

Kuna utani mnaoujua nyote, unaosemwa kwa namna mbalimbali: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Tunacheka, kisha tunauamini. Sasa mnaweza kuona kwamba huo utani ni milango miwili iliyoshonwa pamoja. "Kilizaliwa Zanzibar" ni mlango wa Steere. "Kikaugua Kenya" ni mlango wa Kisetla. Wataalamu wa historia ya lugha, wakiwamo Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha 1985, wanauweka mwanzo wa Kiswahili kaskazini mwa pwani ya Kenya, karibu na Lamu na mto Tana. Ndugu zake wa karibu ni Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Yaani huyo anayedaiwa kuuguzwa Kenya, Kenya ndiko alikozaliwa.

Akiolojia nayo ilipitia safari hiyo hiyo. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa na Manda kuanzia miaka ya 1960, aliona majengo ya mawe na vyombo vya kutoka ng'ambo, akaamini kwamba miji hiyo ilianzishwa na wahamiaji kutoka ng'ambo. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimbua Shanga, kisiwani Pate, akateremka chini ya mawe. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, hadi karne ya 8. Pembeni kulikuwa na vyungu vingi vilivyofinyangwa papo hapo. Jiwe lilikuwa la juu, kwa hiyo ndilo lililoonekana kwanza.

Wala sitaki tutoke kosa moja tuingie jingine, tukadai kwamba wageni hawakuacha chochote. Mwaka 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani hii. Walikuta kwamba wengi wao walikuwa na mababu wa Asia, hasa Uajemi, na kwamba asili ya Kiafrika iliingia zaidi kwa upande wa wanawake. Damu ilichanganyika kweli. Lakini mtoto wa nyumba hiyo alilelewa kwa lugha ya mamake, na ngeli hazikutikisika. Mwenye kutazama sura ya baba mlangoni hakuisikia sauti ya mama jikoni.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu hukumu hii haiwahusu wazungu wa zamani peke yao. Mwaka 1960 Wallace Lambert na wenzake walifanya jaribio mjini Montreal, Kanada. Waliwarekodi watu wanaojua lugha mbili wakisoma maneno yale yale kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Wasikilizaji hawakuambiwa kwamba ni mtu mmoja. Wakaipa sauti ya Kiingereza alama za juu katika sifa nyingi, ikiwamo akili. La kusikitisha ni kwamba hata wasikilizaji waliokuwa Wafaransa wa huko walifanya hivyo hivyo. Taswira waliyobandikwa na wengine walikuwa wameimeza, sasa wanaitoa wenyewe.

Nikisoma jaribio hilo naona vyumba vyetu vya mahojiano ya kazi. Mtu akijieleza kwa Kiswahili sanifu, kuna anayetabasamu kana kwamba amesikia kichekesho. Akijieleza kwa Kiingereza chenye makosa, anaitwa msomi. Na yule wa Mvita akisema ndia, sisi walimu ndio wa kwanza kushika kalamu nyekundu. Hatupo tena katika miaka ya 1930, lakini jicho tunalolitumia ni la wakati ule.

Mtalii wa leo naye ana mlango wake. Anashuka uwanja wa ndege, anaambiwa "Jambo!" Neno hilo limekatwa kutoka hujambo, ambalo ndani yake mna nafsi, mna kikanushi, na mna swali zima la iwapo mwenzako amepatwa na neno baya. Tumemkatia mgeni kipande kwa kudhani tunamsaidia. Atarudi kwao akisema Kiswahili ni lugha rahisi ya kusalimiana ufuoni, na atakuwa amesema kweli kuhusu kile tulichomwonyesha.

Hapo ndipo pana kazi tunayoweza kuifanya bila kamati wala bajeti. Sentensi ya kwanza ya Kiswahili anayoisikia mtoto wa darasa la kwanza, au mgeni, iwe nzima. Mwambie hujambo, mngoje ajibu sijambo. Akileta kitabu, mwonyeshe vitabu. Mwalimu aliye Mvita na amwulize mtoto nyumbani kwao wanasemaje, kisha aziandike ubaoni njia na ndia, zote mbili, bila kukata hata moja kwa wino mwekundu.